Zamu ya Jumanne

Jumanne ni zamu yetu.
Tunakutana saa tatu usiku nyuma ya shule:
Hermelinda na tochi iliyofungwa kwa mpira,
Zósima na pia yake ya kusokotea sufu
(hawezi kutembea mikono mitupu, huyo),
na mimi, firimbi shingoni, daftari ndani ya shali.
Baridi ya Pampa Quishuar haina adabu,
huingia bila kubisha.
Sisi tunabisha.

Zamani tulilinda ng'ombe.
Ng'ombe akipotea kijiji kizima kiliamka,
wanaume na mijeledi, mbwa, makelele mpaka mtoni.
Mwanamke akipotea ndani ya nyumba yake mwenyewe
tulivuta blanketi.
Mambo ya wawili, tulisema, hayaingiliwi.
Kituo cha polisi kiko bondeni, saa mbili kwa gari la maziwa,
na afande wa wakati ule aliwauliza waliofika
siku hiyo walikuwa wamepika nini.

Kisha akaletwa Koplo Chuquilín, mwembamba, mgonjwa wa kikohozi.
Hakuhutubia.
Aliketi juu ya gunia la viazi, akavua kofia, akauliza:
"Ninyi, usiku, mnasikia nini?"
Kimya.
Simbilisi walilia chini ya meko.
Ndipo Zósima, pia ikizunguka vilevile,
akaanza kuhesabu nyumba.
Ile ya kando ya mkalitusi.
Ile ya muuza chokaa.
Ile yenye mlango wa bluu.

Mlango wa bluu niliupaka mimi,
mwaka alipooa mwanangu.

Wiki tatu tuliupita, mlango ule, ukiwa kimya.
Nilianza kumwona Zósima mwongo,
na nikafurahi, Mungu anisamehe.
Jumanne ya nne, sufuria iligonga ukuta.
Halafu sauti ya Yesenia, fupi,
kama ya mtu anayejizuia asiamshe mtoto.
Hermelinda akanigeukia:
"Ukitaka, baki hapa."

Uchungu wa mwana, wanasema, aujuaye mzazi.
Na uchungu wa mke wa mwana,
aujuaye nani?
Nikapuliza.

Sikujua firimbi ndogo vile ina sauti ya namna ile.
Tochi zikawaka mteremko mzima, milango ikafunguka,
muuza chokaa mwenyewe akatoka na poncho kichwani,
hajui kwamba nyumba yake imo daftarini.
Wilmer alisimama kizingitini, ananuka gongo la miwa.
"Mama, rudi ukalale."
"Niko zamuni," nikamwambia.

Yesenia alipita ubavuni mwake
na kiatu kimoja, mtoto mgongoni.
Hakuna aliyemgusa Wilmer. Mjeledi ulibaki msumarini.
Tuliketi naye tu, watu kumi na wanane, mpaka alfajiri,
na mimi nikaandika: tarehe, saa, nilichosikia.
Jina la ukoo lilikuwa langu pia.
Mkono ulitaka kuruka mstari.
Haukuruka.

Koplo alipanda na gari la maziwa,
akashuka na mwanangu katikati ya madebe.

Sitasema kijiji kimepona.
Wifi yangu huvuka barabara akiniona.
Yesenia bado anaishi kwa Hermelinda,
na firimbi ikilia, hata ya mwalimu wa michezo,
yeye hushika ukuta.
Wilmer alirudi baada ya mavuno, analala kwangu,
haruhusiwi kupita kisima.
Tunakula bila maneno mengi.
Jumanne nikivaa shali hutazama pembeni,
jana tu ndiyo alinipa betri mpya za tochi.
Sikumuuliza kitu.

Na ile nyumba ya muuza chokaa?
Hatujasikia sufuria huko. Tumemsikia mkewe akikosa sauti.
Kwa hiyo kila Jumanne tunabisha,
tunaomba chumvi kidogo,
tunasimama mpaka aje yeye mwenyewe kutupa,
mkononi, kwenye mwanga, tumwone uso.
Nyumbani nina chumvi ya miaka miwili.
Wiki ijayo nitaomba tena.